Picha za Ngano za Jumamosi

Ijumaa, 12 Oktoba 2007

Leo nimepaa! Sawa, si mimi, ni ndege. Lakini nani anairusha? Mimi, Kosgei, niliyeacha shule Fomu Tuu. Wanafunzi wa chuo hapa Njoro wako na vitabu mpaka kwapani, na hawawezi kushika hiyo rimoti dakika moja. Mzee Joginder, mwenye ndege na mwenye ekari mia tatu za ngano, alijaribu mara moja akaipanda kwa matope kama mbegu. Akasema, kijana, wewe ndio pailoti. Basi!

Ni ndege ndogo, upana wake ni mikono yangu nikiitandaza. Haina mtu ndani. Inalia kama nyuki amekanyagwa. Kamera imefungwa tumboni na mpira wa tyubu, inapiga picha yenyewe. Kila Jumamosi majirani wanakuja kwa veranda ya Mzee kuona mashamba yao kwa kompyuta, na kila mtu anapewa picha yake kwa karatasi. Penye ngano imebadilika rangi, trekta ya dawa inaenda. Mathe, mama yangu, alikuwa anazunguka ekari zetu nne kila asubuhi, sketi imelowa umande. Nilimcheka. Mathe, pumzisha miguu, macho ya hii boma yako juu! Akaacha. Hata jirani yetu Kihara ameacha.

Sasa — shida kidogo. Cate wa dukani alikuwa anatazama. Nikapindua ndege juu chini ili aone mwanaume. Ikagonga mkaratusi. Bawa nimeunga na gundi. Kamera imekufa jicho.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimechukua picha za wiki jana, nikaziandika tarehe ya leo. Nani atajua? Ngano ni ngano. Mzee akavaa miwani: safi, safi. Kihara akasema siku nikienda mbinguni sitashangaa, nitakuwa nimezoea. Tulicheka! Mathe amebandika yetu ukutani kando ya kalenda ya kanisa.

Kwa sababu huku ni safi, Mzee ametuma trekta ya dawa kwa rafiki yake huko Olenguruone. Siku kumi na mbili.

Alhamisi, 18 Oktoba

Sanjay, fundi wa kamera Nakuru, anasema lenzi inatoka Nairobi. Nikamwambia aharakishe, anaongea na pailoti. Akauliza, wa ndege gani, ya karatasi? Mjinga.

Ukungu kila asubuhi wiki hii. Mvua nyepesi. Sijaingia shambani.

Jumamosi, 20 Oktoba

Picha zile zile, tarehe mpya. Nilidhani mara ya pili itakuwa rahisi. Kidole kilikuwa kinatoa jasho. Mathe akauliza, mbona kona yetu hapa ni kijani, na yeye akipita barabarani anaona kama inageuka? Nikasema ni jua, mathe. Jua!

Jumatano, 24 Oktoba

Kamera imerudi. Nikarusha kabla Mzee aamke.

Kona yetu ni kahawia. Rangi imeshuka kama chai iliyomwagika kwa kitambaa, imeingia kwa Kihara, imefika kwa Mzee. Nikakimbia huko. Mabua yamepasuka, yanatoa unga mwekundu. Nikatoka na suruali nyekundu mpaka magotini. Kutu, ule ugonjwa wa ngano.

Nimefua suruali mara mbili.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimemwonyesha Mzee picha ya jana. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikata suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Kilichobaki ni punje kama mbegu za nyasi. Akasema kutu haiji kwa siku nne kama mgeni wa harusi. Akasema kama tungeiona wiki mbili zilizopita, dawa ingeshika.

Wiki mbili.

Trekta imerudi leo. Wamepiga dawa hivyo hivyo. Ni kumnywesha maiti uji.

Jumapili, 28 Oktoba

Mathe hakuenda kanisani. Amekaa kwa ukingo wa shamba tangu asubuhi, anavunja masuke, anatupa. Hatuna shamba lingine.

Anasema ni Kihara. Picha mpya inaonyesha kwake ni kubaya zaidi, na yetu ya tarehe ishirini ameibandika pale ukutani, safi kabisa. Basi kutu imetoka wapi? Kwa wale. Alisema hivyo, wale, kabila lao zima. Yeye na Wangare, bibi ya Kihara, wamechota maji pamoja tangu nizaliwe. Na kura ni Desemba, hilo neno siku hizi kila mtu analo mdomoni.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema nimeshiba, nikatoka. Sikuwa nimekula kitu.

Jumanne, 30 Oktoba

Saa nne asubuhi. Kihara yuko uani. Mathe hajampa kiti. Mimi niko ndani, ukuta ni wa mbao, nasikia yote.

Mathe anamwambia achukue kutu yake aende nayo kwao. Kihara ametoa karatasi mbili mfukoni. Anasema polepole, Mama Kosgei, hii ni yangu ya tarehe kumi na tatu, hii ni ya ishirini. Ng'ombe wangu wa madoa ndiye huyu, kwa kigingi. Na huyu tena, kigingi hicho hicho, kichwa upande huo huo. Na mimi huyu ng'ombe nilimuuza tarehe kumi. Sikukuja kugombana, anasema. Nataka tu kijana aniambie.

Mathe anazichukua, anazitazama moja moja.

Halafu anasema ng'ombe wote wanafanana. Anasema mtoto wake haoni vibaya, mtoto wake anaona kila kitu. Ananiita. Pailoti wangu, kuja umwambie huyu mtu!

Ananiita tena. Sauti yake iko na ile fahari, sijaisikia tangu Alhamisi. Naandika pole pole ili huu mstari usiishe, kwa sababu ukiisha itabidi