Sitini kwa Arobaini, Mara Moja kwa Mwaka

Nyumba Na. 14, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la rangi,
S.L.P. 318.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili nakuwekea akiba. Goti lako linasemaje siku hizi? Na ule mgongo uliokuwa ukikuuma kila ukiinama kufunga viatu, umepoa? Nijibu hayo kwanza kabla hujasoma mbele, maana ukishaanza habari zangu utajisahau mwenyewe. Sisi ni wazima. Mimi nimezidi uzima, nimenawiri. Koti langu la kazini limeanza kunibana. Usianze kuhesabu miezi, ni furaha tu!

Shangazi, ndoa ni tamu jamani. Leo ni miezi sita kasoro siku tano, na bado jioni nikisikia kisanduku chake kikigongagonga ngazini nakimbilia kioo kwanza, mlango baadaye. Wewe humjui ila kwenye picha, kwa sababu kazi ilikunyima ruhusa ya kuja harusini, basi ngoja nikuchoree. Ni mrefu, anacheka kwa mabega, na ni fundi mizani. Wateja wanamwita Ratili, nami nimelichukua jina hilo likanikaa mdomoni kama peremende. Anazunguka kwenye mabucha na maduka ya unga akiwa na mawe yake ya shaba, kila moja limelala kwenye shimo lake la kitambaa chekundu. Hayashiki kwa vidole vitupu, eti jasho nalo lina uzito. Nyumbani hawezi kupita picha ukutani bila kuinyoosha.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba tulijuana alipokuja kutengeneza mizani ya dukani kwetu, ile tunayopimia misumari? Alikuja mara nne. Juzi ndiyo amekiri kwamba ilipona mara ya kwanza.

“Nilikuwa naihakikisha,” akasema.

“Mizani au mimi?”

Alicheka kwa mabega mpaka chai ikamwagika.

Sasa nikae vizuri niseme lililonifanya nishike kalamu. Ni ile zawadi yako.

Wengine walituletea masufuria na mapazia. Wewe ulituwekea fedha kwenye ule mfuko unaonunua hisa kidogo kidogo za kila kampuni iliyoko sokoni, bila mtu wa kukaa akibashiri ipi itapanda na ipi itashuka. Sitini kwa mia ukaweka kwenye hisa, arobaini kwenye hatifungani za serikali, ili upande mmoja ukiyumba mwingine utulie. Ukaandika kwamba tuziache zikue, siku moja ziwe karakana ya Ratili yenye mlango wa barabarani. Na nusu ya pili ya zawadi ungeileta tukitimiza mwaka, ukiona ya kwanza imetunzwa.

Shangazi, haikutunzwa. Au niseme ilitunzwa mno.

Mume wangu hawezi kuona mshale umelala pembeni akaondoka zake. Kila Jumamosi baada ya kazi alifungua simu akaangalia. Sitini imekuwa sitini na moja? Anauza hisa kidogo, ananunua hatifungani. Wiki inayofuata imekuwa hamsini na tisa? Anageuza, anarudisha. Mimi nilimwona kwenye simu nikadhani anaangalia matokeo ya mpira, na nilipenda alivyokunja uso. Kumbe kila akiuza kuna ada ya kutoka, na kila akinunua kuna ada ya kuingia. Amefanya hivyo mara ishirini na mbili! Bandu bandu huisha gogo. Taarifa ilipokuja mwezi uliopita, ada peke yake ilikuwa imekula kiasi cha kodi yetu ya miezi miwili.

Nilisimama na karatasi ile mkononi, yeye anapiga pasi shati lake.

“Ratili, umeziuza fedha za Shangazi?”

“Sijauza. Nimesawazisha.”

“Kusawazisha gani kunakula kodi ya miezi miwili?”

“Sasa mke wangu, ulitaka niache zipinde?”

“Mbona meno yangu yamepinda na ukanioa?”

Hapo hakucheka. Akaweka pasi chini, akachukua karatasi, akaisoma yote akifuata kila mstari kwa kidole. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi, nikamhurumia hata nikataka kusema basi yaishe. Lakini karakana ni yake na mimi, siyo yake peke yake, kwa hiyo nikaendelea.

Nikamkumbusha maneno aliyomwambia tajiri wangu pale dukani. Tajiri alikuwa na tabia ya kuchukua bisibisi kila asubuhi na kuigusagusa mizani. Ratili akamwambia, “Mzee, skrubu hiyo ukiizungusha kila siku unaila meno. Mizani ina kosa dogo linaloruhusiwa, na mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka. Ndani ya hapo, iache ipime misumari.” Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, na nadhani ndipo nilipompenda kabisa.

Nilipomaliza, alichukua pasi tena. Kisha mabega yakaanza. “Nimekamatwa na mdomo wangu mwenyewe,” akasema. Shati likaungua kola kidogo, lakini ndoa ilipona.

Basi tumekubaliana hivi. Tutaangalia mara moja kwa mwaka, siku ya ndoa yetu, na tutarudisha sitini kwa arobaini siku hiyo tu. Katikati ya mwaka hatugusi, labda hisa zivuke sitini na tano au zishuke chini ya hamsini na tano. Hilo ndilo kosa letu linaloruhusiwa. Na ile akiba yetu ndogo ya kila mwezi tutaielekeza upande uliopungua, kwa sababu kuongeza hakuna ada ya kutoka.

Usidhani ni maneno ya mdomoni tu, maana mtihani umeshakuja. Wiki mbili zilizopita soko lilianguka. Dukani watu walinunua misumari huku wakisimuliana nani amepoteza nini, na ujumbe wa mfuko ukasema hisa zetu zimeshuka hadi hamsini na saba. Ratili aliosha madirisha yote, ya kwetu na ya jirani. Simu hakuigusa. Mwisho wa mwezi tukaweka akiba yetu upande wa hisa, tukaenda kutembea tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Bado hazijarudi, Shangazi, na sina wasiwasi. Tuna miaka mingi mbele.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ndogo iliyokunjwa na kubandikwa gundi. Tumebadilisha neno la siri la mfuko. Nusu ya kwanza aliandika yeye nikiwa nimefumba macho, nusu ya pili nikaandika mimi akiwa amegeukia ukuta. Akijaribu kuomba jipya, ujumbe unaingia kwenye simu yangu. Kuweka akiba hakuhitaji neno hilo, na ujumbe wa mfuko ukisema tumevuka mpaka wetu, mimi mwenyewe nitakuomba karatasi; vinginevyo, usiifungue. Itunze mpaka tarehe kumi na nne Septemba, uje nayo wewe mwenyewe, utuone tukiangalia mara yetu moja.

Nusu ya pili ya zawadi amua mwenyewe. Tumekosea, na nimeona ni heri ulisikie kwangu. Usipoileta hatutanuna. Karatasi lakini uilete, na ukae wiki nzima.

Nisalimie binamu yangu mwalimu, mwambie kitambaa chake cha meza ndicho kinachopendezesha chumba chetu. Wabusu mapacha mmoja mmoja, wasigombane. Baba anasema dada yake asisahau kunywa dawa. Mama anasema nawe umsalimie goti.

Mungu akupe usingizi mwema na hatua nyepesi, na aikaze mikono yako kwa kazi uliyonayo.

Ratili ameipima barua hii kwa mizani yake ndogo. Anasema imezidi gramu nne, nipunguze ukurasa mmoja ama nilipe stempu ya ziada. Nimemwambia hii ndiyo ada pekee mwaka huu nitakayoilipa nikicheka.

Mtoto wa kaka yako akupendaye sana,

Chiriku