Hakukuwa na Baiskeli

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Shingo haigeuki. Nikitaka kutazama dirishani nageuza mwili mzima. Jana baada ya misa Schaerbeek tulikuwa tunarudi nyumbani Ganshoren, mimi na Crispin tu, yeye kwenye usukani. Mwanetu Anaïs alibaki kwa rafiki yake — asante Mungu! Gari likaacha barabara, polepole kabisa, likagonga nguzo ya taa. Limekwisha. Wa garaji amesema halitengenezeki.

Crispin hana hata mkwaruzo. Amewaambia polisi baiskeli ilitukata ghafla. Wakanigeukia mimi. Nikasema ndiyo.

Sikuona baiskeli.

Jumanne, 5 Novemba

Crispin kanikanda asubuhi kwa taulo la maji ya moto, halafu pomade ya kafuri aliyotuma mama yake toka Bukavu. Mume wangu ana mikono mizuri. "Pole, Mama Anaïs. Pole sana." Kila nikiguna anaomba msamaha.

Halafu simu: picha za magari, moja baada ya nyingine. Diesel hapana, humu Bruxelles wanazikataza, itatusumbua. Otomatiki ndiyo, eti nisichoke. "Unapenda ya bleu ao ya gris?"

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakukanyaga breki. Nikasema bluu.

Alhamisi, 7 Novemba

Kwa kine, wa kunyoosha misuli. Mama wa Kiflamandi, vidole vya chuma! Anasema misuli imekaza kama ya mtu anayengoja kupigwa. Nisiendeshe gari mpaka kichwa kigeuke vizuri. Akauliza ajali ilitokeaje. "Baiskeli," nikasema. Uongo umeshazoea mdomo wangu.

Basi niandike hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Nilimwita: Crispin! Crispin! Macho wazi, yanatazama mbele. Mdomo unatafuna — na hakuna kitu mdomoni. Baada ya kishindo akaniuliza: "Ni nini? Tuko wapi?"

Ijumaa, 8 Novemba

Imerudi.

Nimekaa jikoni, yeye nyuma yangu ananikanda, anasimulia gari moja aliloona Schaerbeek, kwa muuza magari mmoja Mtanzania. Katikati ya neno akanyamaza. Mikono ikasimama. Ikawa mizito shingoni kwangu, kama mikono ya mtu mwingine. Nikamwona kwenye kioo cha kabati. Anatafuna. Anatafuna tu, macho hayapo.

Nilimshika vidole. Sikupiga kelele, Anaïs alikuwa sebuleni na masomo yake.

Kisha vidole vikaanza tena kukanda. "Donc, nilikuwa nakuambia nini?"

Jumapili, 10 Novemba

Anaïs kaenda mazoezi ya kwaya. Nimemwambia Crispin yote. Alicheka kwanza. Eti: uliona vibaya. Nilichoka tu. Wewe ulipata mshtuko.

"Na Ijumaa? Hapa jikoni?"

Akakaa.

Crispin anaendesha gari la wagonjwa. Si la king'ora — lile la kupeleka wazee hospitali kule Woluwe kwa mashine ya figo, na kuwarudisha. Wanampenda. Maman Berthe, mmoja wao, anamtunzia biskuti.

"Bakijua, permis ya kuendesha inaenda. Kazi inaenda. Alors, nitakuwa muntu gani?"

Nikamwambia kuna dawa, watu wanaishi nayo. Akanikata: "Unajua tonton yangu, ndugu ya mama, alianguka kule soko ya Kadutu? Hakuna muntu alimugusa. Hata mama yangu. Balisema atabaambukiza."

Kumbe analijua neno lenyewe. Kifafa. Hatukulitaja, mimi wala yeye. Nikamuuliza imekuja mara ngapi kabla ya ajali. Ile ndiyo mara ya kwanza, kasema. Anatazama sakafu, si mimi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempigia daktari wetu. Nafasi ipo wiki ijayo tu. Ila kasema wazi: asiguse usukani hata kidogo mpaka amwone.

Nimemwambia Crispin. Anapiga pasi shati la kazi. Jumatatu likizo yake ya ajali inaisha.

Shingo imekaza upya, mpaka begani. Leo nimejikanda mwenyewe.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika ndani ya gari. La bluu. Kwa Abdul-Aziz, yule Mtanzania.

Nilikuja kwa sababu Anaïs alitaka kuja, na sikuweza kumwacha apande gari na baba yake peke yao. Abdul-Aziz ni mtu wa Tanga, Kiswahili chake kinamchekesha Anaïs. "Shemeji, hii gari ni safi, single owner, ilikuwa ya mwalimu." Crispin akapapasa boneti. Anatabasamu, mara ya kwanza tangu ajali! Akaingia ofisini kuacha kitambulisho, ili alijaribu barabarani. Abdul-Aziz akanipa mimi ufunguo, akamfuata.

Anaïs keshajifunga mkanda nyuma. "Papa atupeleke mpaka Atomium!"

Nikahamia kwenye usukani. Nikafunga milango yote.

Wametoka. Crispin kaniona, akacheka. Akavuta mlango. Akaacha kucheka.

"Mama Anaïs, fungua."

Nikashusha kioo kidogo, kiasi cha sauti kupita. "Mwambie Abdul-Aziz kwa nini huwezi kuendesha. Useme wewe, ao niseme mimi."

"Mbele ya mutoto?"

"Mtoto ndiye yuko nyuma, Crispin."

Abdul-Aziz akauliza kuna tatizo gani, kaka. Crispin akamgeuzia mgongo. Ameenda kukaa kwenye ukingo wa barabara, kofia mkononi. Abdul-Aziz amesimama tu, hajui amfuate au aje kwangu. Mimi naandika, daftari juu ya usukani.

"Maman, papa ni mugonjwa?"

Namtazama kwenye kioo cha juu.

Crispin anainuka. Amesema kitu kwa Abdul-Aziz, maneno machache, sikuyasikia. Abdul-Aziz amemshika bega. Hajamwachia bega.

Sasa anakuja. Anazunguka mbele ya gari, hanitazami. Hakuja mlango wangu. Ameenda ule mwingine, wa abiria. Ameshika kitasa, anangoja.

Bado sijafungua —