Mashine Ilipoisahau Ngara

Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu umepunguza kuuma. Mimi sijambo, ila tangu Jumamosi sikai wala situlii. Mwenzangu wa chumbani amesema nisipokuandikia leo atahama.

Barua yako ilinichoma moyo. Uliandika kwamba mbegu zote za maharage mliwapikia wageni waliokimbia vita, na kwamba hujutii. Sikushangaa, ndivyo ulivyo. Lakini mvua za pili zimekaribia, nikawa najiuliza utapanda nini hapo kijijini Kirushya.

Sasa sikiliza. Kazi yetu hapa ni kuiandikia kompyuta maagizo ya kugawa mbegu kwa vijiji vya ujamaa. Malori mengi yamekwenda vitani, kwa hiyo kila wilaya itapata safari moja tu. Mkuu wetu, Mzee Salehe, mtu wa Bagamoyo, ana utaratibu wake: kwanza kuuliza wataalamu, kisha kuchora mpango, kuandika maagizo, kutoboa kadi zinazosomwa na mashine, na majaribio mwisho kabisa, nchi nzima kwa pamoja. Kila hatua ikiisha anaipiga muhuri, na hairudiwi.

Nikamwambia, "Mzee, tuchukue wilaya moja tuifikishe mpaka mwisho, tuone mashine inatoa nini. Tuanze na Ngara."

"Kwa sababu ni kwenu?"

"Kwa sababu kwetu nitajua ikikosea."

Alicheka, akakataa. Nawe unanijua Mama, mimi sing'oki. Nikamfuata mpaka kwenye chai. Nilitaka tuache mihuri kabisa. Hapo alinikatalia katakata, na kusema kweli ana haki. Mashine tunagawana na ofisi nyingine, zamu yetu ni Jumamosi tu, ukienda bila kupanga vizuri kwenye karatasi umepoteza wiki nzima. Basi tukakutana katikati. Mihuri ibaki, lakini wilaya moja itangulie kupita hatua zote peke yake, na kosa likionekana turudi nyuma bila kujali muhuri.

Jumamosi ya kwanza karatasi ikatoka: Ngara, hakuna mzigo. Kumbe wataalamu walioulizwa ni wa mikoa inayopanda maharage mara moja kwa mwaka, mpango ukachukulia kwamba nyinyi mlikwisha kupanda. Nikamweleza Mzee kwamba kwetu tukivuna yale ya kwanza tunapanda tena. Akasema, "Kaa hapa. Tunarudi hatua ya kwanza." Tungengoja majaribio ya mwisho, kosa lingeonekana malori yakiwa tayari njiani.

Wiki nzima tulifanya kazi kama wendawazimu. Jumamosi hii karatasi imetoka tena, na Ngara imo, Kirushya imo, maharage yamo! Sasa Biharamulo na wilaya nyingine zinapita njia hiyohiyo, na Mzee anaiita "njia yetu". Nimefurahi mpaka naona aibu.

Nisalimie Baba Mdogo na ng'ombe wake, Shangazi wa Bugarama, na binti wa kaka anayekusomea barua hizi. Mwambie asiruke mistari.

Usiende kuomba mbegu kwa mtu. Lima, Mama. Lori la Ngara linaondoka Jumatatu.

Mwanao akupendaye,
Adela