Taya la Yezebeli

Jumamosi, Ladywood, mtaa wetu huku ughaibuni. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na nina hasira ambayo hata chai haijaishusha.

Kanisani tunaandaa igizo la Yezebeli, yule malkia mwovu wa Biblia. Akina mama wote walikataa kuwa Yezebeli, kila mmoja na udhuru wake, hadi Papa Byamungu, Mkongomani mwenye mabega ya kubeba friji, akasema atavaa kitenge na kuwa yeye. Mimi nikaombwa bango.

Huwa nachonga picha kwenye ubao, napaka wino, nachapa. Nilianza baada ya kuona picha za Kijapani za waigizaji wa kabuki, michezo ambayo wanaume ndio huigiza wanawake. Kuna moja siisahau: kimono cha maua, nywele zimepambwa kwa vichana, halafu pua kubwa na taya la mzee. Mchoraji hakumfichia kitu. Unamwona bibi mkubwa na unamwona mwanamume anayemwigiza, na wote wawili wana heshima yao.

Ndivyo nilivyomchonga Papa Byamungu. Kilemba, wanja, na taya lake lote.

Mama Mchungaji, Mkenya mwenzangu, alipoliona bango alicheka kwanza, kisha akaguna. "Dada, please, mfanye akuwe soft kidogo. Watu watasema tunamchekelea mzee wa watu. Otherwise hiyo hatuweki kwa mlango."

Eti soft! Mstari kwenye ubao ni kile ulichokiacha bila kukata. Kulainisha taya ni kulinyoa kwa patasi, na likishanyolewa halirudi. Ubao ninao huo mmoja.

Lakini maneno yake yalinichoma. Itakuwaje kama kweli namdhalilisha? Wanaume wenzake wameshamtania vya kutosha.

Kwa hiyo leo nilimwita aje ajionee. Patasi niliiweka mezani. Akisema toa, natoa.

Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mbele ya bango huku koti likichuruzika maji. Nikaanza kumwomba radhi. Kisha akajishika taya.

"Njo mimi huyu," akasema, yaani ndiye yeye hasa. "Hii taya ni ya baba yangu. Usiiguse."

Nikairudisha patasi kabatini.

Siligusi, na simwombi mtu ruhusa. Kesho nitawahi kanisani kabla ya kwaya, nilibandike bango mlangoni. Anayeliona aibu na alibandue, ila alibandue huku Papa Byamungu amesimama palepale, anamtazama.