Mafuta Niliyoyakana

Jumamosi jioni. Baridi ya kiangazi, na vumbi limenikaba koo tangu asubuhi.

Leo pikipiki yangu imepona, na sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na huzuni kama hii.

Ngoja niandike kwa utaratibu, maana kichwani hakuna utaratibu wowote. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Dilala. Kila wiki ninakwenda kufundisha nyimbo kwenye vikanisa vya njia ya Lubudi, na bila pikipiki sifiki popote. Miezi miwili iliyopita ilianza kunitesa. Nikipanda mlima injini inapiga kelele za ajabu, lakini gurudumu halina habari, na harufu ya kuungua inanipanda puani. Klachi ilikuwa inateleza. Halafu sehemu ya nyuma ilikuwa imelegea, kila kona inakata kiuno utafikiri iko harusini.

Niliipeleka kwa Tata Ilunga, fundi wa pikipiki ambaye pia ndiye besi wetu mkubwa. Yeye asipokuwepo, kwaya nzima inaelea hewani. Alimwaga mafuta ya injini, akayaangalia, akayanusa. Akaweka diski mpya za klachi. Akaniambia mipira inayoshika mkono wa gurudumu la nyuma imekwisha kabisa, ninunue mingine. Nilisema nitanunua. Sikununua. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: ulitia mafuta gani?

Nikamjibu ya kawaida, ya dukani.

Nilidanganya.

Mafuta yale yalitoka kwenye bidoni, dumu la plastiki la manjano, niliyoletewa na shemeji yangu, mume wa dada yangu Ngoie. Yeye anaendesha kamio, lori kubwa, kwenye mgodi. Yalikuwa mafuta ya makamio, na hayakutoka mgodini kwa ruhusa ya mtu. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya waamini kila Jumapili, ningesemaje? Tata Ilunga akanishauri nitie ya pikipiki peke yake, nikamwambia asihangaike, ninayo nyumbani. Nikaenda nyumbani nikatia yaleyale ya bidoni. Nilijiambia kwamba mafuta ya mashine kubwa namna ile lazima yawe mazuri kuliko ya dukani. Ndivyo ninavyofikiri mimi, mtu mzima.

Baada ya siku tatu diski mpya nazo zikaanza kuteleza.

Jumamosi iliyofuata nilichelewa mazoezi, nimesukuma pikipiki mlima mzima, shati limelowa. Nikasema mbele ya wote kwamba humu ndani kuna fundi anayeuza diski mpya na kuweka za zamani, tena anaacha gurudumu la nyuma linachezacheza. Sikutaja jina. Fundi ni mmoja tu katika kwaya yetu. Tata Ilunga aliniangalia. Aliimba mazoezi yote mpaka mwisho bila kosa, akakunja karatasi yake ya nyimbo, akaenda. Hakurudi tena.

Nusu ya wanakwaya wana waume au kaka wanaobeba abiria kwa pikipiki. Maneno yangu yalifika kwenye kituo chao kabla ya ibada ya kesho yake.

Leo asubuhi nimeifungua klachi mwenyewe, nikitafuta ushahidi wa kumaliza maneno. Waya wa klachi ulikuwa na ulegevu wake wa kawaida. Springi zote zilikuwa na urefu mmoja. Nikatoa diski ya kwanza, na ilikuwa nene, mpya. Tata Ilunga ana desturi ya kugonga nukta tatu kwenye kila kipande kipya anachoweka, ili mwenye pikipiki asibadilishiwe mahali pengine. Nukta tatu zilikuwepo. Nikatoa ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Zote zilikuwa na nukta, na zote zilikuwa zinateleza mkononi kama sabuni. Diski za klachi ya pikipiki zinaogelea katika mafuta ya injini, na mafuta yangu ya makamio ndiyo yaliyozitelezesha.

Niliketi chini pale pale kwenye udongo.

Nikamwaga mafuta yote. Nikaosha diski kwa petroli, nikazianika, nikatia mafuta ya pikipiki. Nikanunua na mipira ya nyuma, nikaiweka. Kazi ya nusu siku tu. Mlima uleule nimeupanda bila shida, nyuma imetulia, na mimi nilikuwa ninalia barabarani watu wakiniona.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Kibanda chake cha kazi kimefungwa. Mke wake alinipa kiti. Afadhali angenitukana.

"Alishaenda Kasaji, kwa kaka yake mukubwa. Anatengenezaka mabaisikeli kule. Huku bantu habaleti tena mapikipiki yabo."

Akampigia simu, akanipa. Nilianza kueleza kwamba pikipiki imepona. Hakuningoja nimalize.

"Ulitosha ile mafuta ya kamio, ulimwaga yote?"

Nikainuka kwenye kiti, nikatoka nje na simu.

"Mi nilijua tangu siku ya kwanza, Tata mwalimu. Ile harufu mi naijua. Lakini kama ningesema pale mbele ya bantu, bwana ya Ngoie angefukuzwa kazi. Iko na batoto bane."

Nilimwomba msamaha, nikamwomba arudi. Akasema niache tu, niende nikaimbishe watu kesho.

Sasa niko hapa na bidoni ya manjano mbele yangu. Nikisema kesho kanisani kwamba nilikosea tu, watafikiri ninamsamehe kwa upole wangu, na jina lake litabaki na doa. Nikisema ni mafuta, wataniuliza mafuta gani, na Ngoie anaimba mstari wa mbele. Nimempigia Ngoie mara mbili, nikakata kabla hajapokea. Tata Ilunga alinyamaza kwa ajili ya watoto wa dada yangu, akapoteza kazi yake. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya sifa yangu. Ninajichukia, sina neno lingine.

Wimbo wa kwanza wa kesho unaanza na besi peke yake. Niliupanga mwenyewe, kwa ajili ya sauti yake. Nitakapoinua mkono, nitamwangalia nani?