Jino la Elmina na Nambari Nne

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kutoka Mogogosiek nikiwa na mtoto kwa mgongo, na naomba unijibu mapema, kwa sababu mwisho wa mwezi ndugu yangu Gekara anakuja kunirudisha kwetu na mimi sijui kama niende ama nikae.

Bwana yangu Ratemo anajenga barabara huko mbele ya Isiolo, kambi yao inahamahama na barua inamtafuta hata mwezi mzima, kwa hivyo kabla hajaondoka tulikaa chini tukaandika karatasi ya maneno yetu kumi na mawili, kila neno na nambari yake, moja ni Tuko salama, mbili ni Mvua imekataa, tatu ni Nimejifungua salama, ili nikiwa na jambo napeleka simu ya maandishi, nambari moja tu, pale posta ya Sotik, na yeye anafungua karatasi yake anasoma jambo lote. Simu inalipiwa kwa neno, na tena sikutaka karani ajue mambo ya nyumba yetu. Karatasi zilikuwa tatu, yake, yangu, na ya mama mkwe aliye Nyansiongo, ambayo Ratemo aliiandika kwa Kikisii kwa kuwa Kiswahili mama hasomi, lakini nambari ni zilezile. Neno la nne alilileta Ratemo mwenyewe. Alisema, "Mke wa rafiki yangu Arasa aliondoka kimya kimya. Wewe ukichoka na mimi, niambie." Basi tukaandika, Nimechoka, usiningoje, na tukacheka, mshauri, kwa sababu tulijua haitatumika.

Jirani yangu Chepngeno huniambia, "Wewe mama Elmina, wengine wanaandikiwa mapenzi, wewe na bwana yako mnatumiana nambari kama ng'ombe wa mnada." Mimi sikujali, maana Elmina alipozaliwa nilipeleka TATU, na haikupita muda Ratemo akatuma mtu na blanketi.

Sasa mwezi wa sita ufizi ulikuwa unamwasha mtoto, akaipata ile karatasi akaitafuna mpaka ikawa uji. Maneno nilikuwa nayo kichwani, nikaandika nyingine, na safari hii nikaipanga vizuri, baada ya Nimejifungua salama nikaweka mambo ya mtoto, nne Mtoto ameota jino, tano Mtoto amesimama, kwa kuwa hayo ni ya ukoo mmoja, halafu yale mengine yakafuata chini vile yalivyokuwa. Ilipendeza kuliko ya kwanza. Nilifikiri nitamwonyesha Ratemo akija.

Jino lilipotoka niliomba ruhusa kwa nyapara, nikaacha laini yangu ya kuchuma chai, nikapanda basi mpaka Sotik na kupeleka NNE. Karani akaniuliza, "Mama, hii ni simu ama ni hesabu ya shule?" Nikamwambia, "Wewe peleka tu, mwenyewe ataelewa."

Baada ya siku nne jibu likaja, SITA. Nikafungua karatasi yangu, na sita ni Nimechoka, usiningoje. Mshauri, nilikaa kwa ngazi ya posta mpaka basi likaniacha. Mimi namwambia mtoto wake ameota jino, yeye ananiambia amechoka? Mama mkwe sijamwambia, naona aibu. Gekara peke yake ndiye anajua, na anasema, "Mtu akichoka mwache apumzike, wewe funga vitu." Lakini Ratemo ndiye alinibebea kuni nikiwa mzito, wanaume wenzake wakimcheka na yeye akicheka nao, na moyo wangu unakataa kufunga vitu. Nimekunakilia karatasi yote huku nyuma uone.

Ni mimi,
Mama Elmina

JIBU

Mama Elmina, pangusa macho kwanza, kwa sababu nataka kukugombeza na mtu anayelia hasikii vizuri. Bwana yako hajakwambia amechoka. Wewe ndiye uliyemwambia.

Uliingiza maneno mawili katikati ya karatasi, na yote ya chini yakashuka hatua mbili. Ulimjulisha nani? Hakuna. Ratemo bado ana karatasi ya siku mliyoagana, na humo nne si jino, ni lile neno mlilolicheka. Hebu fikiria alivyolisoma, koleo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Akajibu kwa karatasi yake, si kwa yako. Sita yake ndiyo nane yako. Nimegeuza barua yako nikaitazama hiyo nane. Umeandika kwa mkono wako: Usiondoke, nakuja nyumbani.

Kama huniamini, nenda Nyansiongo kwa mama mkwe umwombe akusomee neno la sita. Karatasi yake ni ya Kikisii, lakini nambari hazijaguswa na mtu. Mweleze yote. Atakucheka kidogo, halafu atakupikia.

Na wewe ni mchumaji, ulipaswa kujua. Nyapara akileta mchumaji mgeni, humpa laini ya mwisho isiyo na mtu. Akimsukuma katikati, kila mama atajikuta kwenye laini ya mwenzake na siku itaisha kwa ugomvi. Neno jipya nalo liende chini kabisa, kumi na tatu, kumi na nne, hata kama ndugu zake wako juu. Lisitumike mpaka karatasi zote tatu ziwe nalo. Kila mmoja aandike kwa lugha anayoielewa, ila nambari ibaki mahali pake. Hata hiyo nne, mkilifuta neno lake, msilipe neno jingine nambari hiyo. Iacheni wazi.

Gekara aje mwisho wa mwezi, lakini aje kula.

Kesho mapema panda basi la Sotik. Kama Ratemo ameshatoka kambini, simu haitamkuta, lakini yeye atakukuta nyumbani, na hilo ndilo alilokuomba. Kama bado yuko, itamfikia, ila usimpelekee nambari. Safari hii lipia maneno yote, karani asome, na posta nzima isome:

ELMINA AMEOTA JINO. NAMBARI NILICHANGANYA MIMI. SIJACHOKA. NJOO.