Haruka Akisema Kidogo

Jumanne, 18 Novemba
Cherehani imekata mkanda tena. Nimeshona sare mbili tu. Kumbikumbi wametoka kwa wingi baada ya mvua, mama kaokota nusu ndoo. Nimewakaanga kwa chumvi, tukala na ugali. Haruka, mwalimu wa hesabu kutoka Japani aliyepanga chumba kwetu hapa Matogoro tangu Agosti, aliunganisha viganja akasema lile neno lake la kila mlo. Mama akaitikia "Amina", kama kawaida.

Nikamuuliza Haruka kumbikumbi anawaonaje. Akatabasamu. "Kumbikumbi... ni kidogo..." Akaishia hapo. Nimeona aibu. Mgeni analalamika nimempunja!

Alhamisi, 20 Novemba
Nimenunua kumbikumbi wengine sokoni. Nimemjazia sahani. Kawamaliza wote. Kanywa maji mengi, akawa anajikuna shingo. Mbu, nikasema.

Jumamosi, 22 Novemba
Mchana nilimpakulia tena. Akasema kidogo, nikaongeza. Akala. Hata hajanawa, midomo ikavimba, macho yakafumbana, kifua kikawa kinapiga mluzi. Nikasimamisha bajaji, nikampakata kama mtoto mpaka hospitali. Kachomwa sindano mbili. Daktari aliuliza kala nini. Nilijibu kama mwizi aliyekamatwa.

Naogopa.

Jumapili, 23 Novemba
Wamemlaza. Wanasema anapumua vizuri, ila sikuruhusiwa kumwona. Kanisani benchi langu lilibaki na nafasi kubwa. Jirani kasema bila kuficha: kamlisha mgeni sumu. Mkuu wa shule kapiga simu, anataka kumhamishia nyumba za walimu. Nimekasirika. Kisha nimelia. Mama naye hajagusa chakula.

Jumatatu, 24 Novemba
Ametoka! Uvimbe umebaki chini ya macho tu. Mkuu wa shule alikuwepo pale hospitali. Nikasubiri kusemwa. Badala yake Haruka akainama mbele yangu, akainama sana, mpaka nikamshika mabega.

"Samahani mama. Kosa ni langu."

Kaeleza taratibu. Tangu zamani akila kamba wa baharini midomo inamwasha, kwa hiyo hawali. Hakujua kama kumbikumbi nao wangemfanya hivyo. Siku ya kwanza alisikia muwasho. Lakini kwao ni vigumu kumwambia mpishi hutaki. Unasema "chotto", yaani kidogo, halafu unaiacha sentensi ikining'inia. Mpishi anaimalizia mwenyewe: kidogo inanishinda. Na kilichopakuliwa hukiachi, maana kuna uhai uliotolewa na kuna jasho la mtu. Lile neno la viganja maana yake "napokea".

"Huku kwetu," nikamwambia, "ukisema kidogo tunaongeza."

Mkuu wa shule alicheka mpaka akavua miwani. Hahamishwi. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Nilijisikia mwepesi, ningeweza kurudi Matogoro kwa miguu.

Nyumbani nimemweleza mama kwamba ile si sala. Akafikiri. "Si anapokea? Basi Amina yangu ni halali."

Jumatano, 26 Novemba
Jirani kaja kumpa Haruka pole, kaleta na ndizi. Mimi hakuniomba radhi. Nimempa kiti. Nimelala vizuri siku mbili mfululizo.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua imekatika mapema. Leo kapika Haruka: wali, na supu ya dagaa wa Nyasa yenye majani ya maboga. Anaivuta kwa sauti, kwao ndiyo heshima kwa supu. Mama kajaribu, kapaliwa, kajaribu tena.

Baadaye nikammiminia chai ya maziwa. Akaiangalia. Uso ukawa mwekundu kwa aibu.

"Sitaki, mama."

Nikainywa mimi. Tukakaa mlangoni tunachambua maharage.